Matunda ya mnavu: Tusipime sumu kwa watoto wetu



Ndugu msomaji, mvua za masika zikipita katika pwani yetu, kuanzia Bagamoyo mjini, Kaole, Zinga na Kerege mpaka Mapinga na Bunju, mnavu huota wenyewe bila kupandwa. Huota kando ya njia, nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku, na zaidi huota jalalani. Akina mama huchuma majani yake wakayapika kwa nazi, yakaliwa na ugali au wali. Watoto hawana haja na majani. Wao huvifuata vile vitunda vidogo vya mviringo vinavyoning'inia kwa vichala, wakavila wakiwa njiani kutoka chuoni, bila kuosha na bila kumuuliza mtu.

Juu ya vitunda hivyo watu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema mnavu ni sumu, kwa hiyo usiliwe kabisa, majani wala matunda. Wapo wanaosema wazee wetu wameula miaka yote na hawakudhurika, kwa hiyo mtoto aachwe ale apendavyo. Maoni yangu ni kuwa makundi yote mawili yanasema bila kupima. Mnavu ni riziki nzuri, lakini ndani yake kuna jambo la kuchungwa, na jambo hilo halipimwi kwa ulimi. Linapimwa maabara. Hadi majibu ya maabara yatufikie majumbani, sisi wazazi tunazo kanuni chache za kuwalinda watoto wetu.

DINI INATUTAKA TUTAZAME TUNACHOKULA

Qur'an Tukufu imewaagiza watu wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vizuri (Al-Baqarah, 2:168). Angalia kuwa yametajwa mambo mawili na si moja. Halali peke yake haijatosha. Chakula kiwe pia kizuri, yaani kisafi na kisichodhuru. Aidha, katika Surat Abasa (80:24) mwanadamu ameagizwa akitazame chakula chake. Wanazuoni wameieleza aya hiyo kwa maana ya kuzingatia neema ya Mwenyezi Mungu aliyeteremsha mvua na kuotesha mimea. Ni mwendelezo mwema wa maana hiyo kwamba anayezingatia neema pia hujua ni kipi kati ya vilivyoota ni chakula na kipi si chakula.

Vile vile Mtume (SAW) ametufundisha kuwa hapana kujidhuru wala kudhuriana, na kwamba jambo linalotutia shaka tuliache tufuate lisilotutia shaka. Ama wale wanaoharakisha kusema kitu fulani hakifai kuliwa na hali hawana ujuzi nacho, nao wamehadharishwa katika Surat An-Nahl (16:116) juu ya ndimi zinazohalalisha na kuharamisha kwa uongo. Asili ya mimea ni kuwa halali. Kinachozuiwa ni madhara, na madhara hujulikana kwa elimu.

SUMU YENYEWE NI IPI?

Mnavu ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo. Mimea mingi ya ukoo huu hujitengenezea dawa ya asili ya kujikinga na wadudu, ukungu na wanyama. Wataalamu huiita glikoalkaloidi, na iliyo maarufu zaidi katika kundi hilo ni solanini. Mmea huiweka zaidi mahali unapotaka kupalinda, na tunda bichi ni mahali pa kwanza kwa sababu mbegu zake hazijakomaa. Tunda likiiva mmea unataka liliwe ili mbegu zisambae, hivyo sumu hupungua sana. Ndiyo maana tunda la kijani la mnavu lina hatari kuliko lililoiva barabara. Hekima hiyo ameiweka Muumba, nasi tunatakiwa tuifahamu.

Mtu akila nyingi huumwa tumbo, hutapika, huharisha na kuumwa kichwa. Hali ikizidi huweza kuchanganyikiwa, kulegea na hata kupoteza fahamu. Dalili huweza kuanza baada ya saa chache au kuchelewa nusu siku na zaidi, kiasi kwamba mzazi hakumbuki tena mtoto alikula nini njiani. Wengi husema ni tumbo la kawaida au ni chakula cha jana.

Mfano wa kweli wa sumu ya kundi hili ulitokea London, Uingereza. Wavulana 78 wa shule moja waliugua baada ya kula viazi vilivyopikwa shuleni, na 17 kati yao walilazwa hospitali. Viazi hivyo vilikuwa vimekaa stoo tangu muhula uliotangulia. Mabaki yalipopimwa yalikutwa na solanini nyingi. Wote walipona, alhamdulillah. Lakini tujiulize: viazi ni chakula cha kila siku, vilipikwa na wapishi wenye uzoefu, na wavulana wale walikuwa na ndimi kama zetu. Si uzoefu wala ulimi uliowakinga.

Kuhusu kiasi, kwa upande wa viazi kiwango kinachokubaliwa na wengi ni kisichozidi miligramu 200 za sumu hiyo katika kila kilo ya viazi. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa madhara yameanza kuonekana kwa watu waliopata miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Tufanye hesabu ndogo. Mtu mzima wa kilo 60 hufikia hapo kwa miligramu 60. Mtoto wa kilo 12 hufikia hapo kwa miligramu 12 tu. Yaani kiasi kisichomfanya lolote baba chaweza kumlaza mwanawe. Kwa hiyo baba anayesema, "Mimi nilikula jana na sina kitu," hajampimia mtoto wake chochote.

VIPIMO VYA NYUMBANI VISIVYOPIMA

Katika mitaa yetu viko vipimo kadhaa ambavyo watu huvitegemea. Tuviangalie kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kuonja. Ni kweli kuwa uchungu na kuwasha koo ni onyo, na tunda chungu litemwe mara moja. Lakini kutokuwepo uchungu si ushahidi wa usalama. Ndimi za watu hutofautiana, na mtoto mwenye njaa humeza kabla hajaonja. Tena katika upishi wetu wa pwani tui la nazi, chumvi na ndimu hufunika uchungu. Hufunika tu, haviondoi sumu.

Cha pili ni kuchemsha. Watu wengi hudhani moto huua kila kitu. Moto huua vijidudu, lakini solanini haiharibiki kwa maji yanayochemka; huanza kuvunjika kwenye joto kali zaidi, kama nyuzi 170, ambalo sufuria ya maji haifiki. Faida ya kuchemsha majani ya mnavu ni kuwa sehemu ya sumu hutoka na kuingia katika maji. Kwa hiyo mama anayechemsha mnavu akamwaga maji yale ya kwanza amefanya jambo la maana. Anayeyahifadhi maji hayo akampa mgonjwa anywe kama dawa ya tumbo ajue anampa kile kile kilichopaswa kumwagwa. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Tuiogope dhamana hiyo.

Cha tatu ni kutazama ndege na mbuzi. Husemwa kuwa ndege akila tunda basi na mtu anaweza kulila. Hili si sahihi. Ndege hula matunda mengi yenye sumu kwa binadamu bila kudhurika, na mbuzi naye ana tumbo lake. Mwenyezi Mungu ameigawia kila jamii ya viumbe riziki na maumbile yake.

Cha nne ni jina. Leo kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo wamehamia watu kutoka kila mkoa, na kila mmoja amekuja na jina lake la mmea. Ukiuliza mmea mmoja kwa majirani watano waweza kupata majina matatu. Bibi zetu walikuwa wakiujua mmea kwa sura yake, shamba lake na msimu wake, na walikwenda na wajukuu zao kuchuma. Hoja ya kuwa wazee walikula wasidhurike ni ya kweli kwa wazee waliokuwa na elimu hiyo. Mtoto anayechuma peke yake kwenye jalala la mtaa mpya hana urithi huo.

JIRANI WA MNAVU NI HATARI ZAIDI

Jambo la kutofautisha mimea ni zito, kwa kuwa katika ukoo huu wamo wengine walio wabaya kuliko mnavu. Upo mtunguja, ambao bara huitwa ndulele: una miiba, maua ya zambarau na matunda ya manjano yanayofanana na nyanya chungu. Huo si wa kuliwa. Upo pia mnanaha, wenye maua makubwa mfano wa tarumbeta na tunda lenye miiba lililojaa mbegu. Sumu ya mnanaha si solanini bali ni ya aina nyingine, nayo hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, hupandisha joto na kumfanya mtu aweweseke.

Tusidhani mnanaha ni habari ya mbali. Mwaka 2019 katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu 5 walifariki na wapatao 300 waliugua baada ya kula uji wa unga wa msaada wa chakula. Unga huo ulitoka kiwandani na ulikusudiwa kuwajenga watoto na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Ulipopelekwa maabara ulikutwa na sumu za mimea ya jamii ya mnanaha. Hapakuwa na mtu aliyeona mbegu katika unga wala aliyetambua hatari kwa kuutazama. Maabara ndiyo iliyosema, na baada ya hapo wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa walikaa kujadili viwango vya sumu hizo katika chakula. Linalosikitisha ni kuwa maabara ilizungumza baada ya mazishi.

MUHOGO ULIPIMWA, MNAVU NAO UPIMWE

Atakayesema kuwa kupima mboga za maskini ni anasa, akumbushwe habari ya muhogo. Sisi watu wa pwani tunajua upo muhogo mtamu na muhogo mchungu, na kwamba mchungu una sumu ya sianidi. Usipotayarishwa vizuri huweza kuleta maradhi ya konzo, ambayo hupooza miguu ghafla na ulemavu wake haurudi nyuma. Wanaoathirika zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hapa Tanzania konzo ilitokea Tarime katikati ya miaka ya 1980 wakati wa ukame, na ikatokea Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuloweka na kuanika.

Muhogo haukuachwa hivi hivi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilishiriki katika uchunguzi. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitengeneza kipimo chepesi cha karatasi ya rangi ya manjano, ambayo huwekwa ndani ya kichupa pamoja na unga, na rangi ikageuka kuelekea kahawia kulingana na wingi wa sumu. Kiwango kikawekwa kimataifa: unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Ikaenezwa pia njia ya kuulowanisha unga kwa maji, kuutandaza mwembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke kwa hewa. Njia hii imetumika katika vijiji vya Popokabaka nchini Kongo, na konzo ikazuilika. Yote hayo yamefanyika kwa chakula cha watu wa kawaida wasio na sauti.

Mnavu unastahiki jitihada kama hiyo. Majani yake yamekwisha kuchunguzwa katika nchi mbalimbali, na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers cha Marekani walichapisha matokeo ya majani ya mnavu wa aina kadhaa zinazoliwa Afrika, wakaona kiasi cha sumu kilikuwa chini sana ya kinachoweza kuua. Hiyo ni habari njema kwa anayepika majani. Lakini jani si tunda, na tunda bichi si tunda bivu. Aidha, mnavu si mmea wa aina moja. Ipo aina yenye matunda meusi madogo sana, ipo yenye matunda ya zambarau makubwa zaidi, na ipo yenye matunda ya rangi ya machungwa. Jibu la aina moja halitoshi kwa nyingine.

Kazi yenyewe inaeleweka. Matunda hukusanywa yakiwa yametengwa, mabichi mbali na mabivu mbali, kwa kila aina na kila eneo. Hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika maji yenye asidi kidogo mfano wa siki ili sumu itoke, kisha maji hayo hupitishwa katika mashine ya kromatografia inayotenganisha kila kilichomo na kuonyesha kiasi chake. Nchi yetu inayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Inalo Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo lililopewa kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya TFDA. Kipo Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, na kipo Kituo cha Mboga Duniani pale Arusha ambacho kimeshughulika na mbegu za mnavu kwa miaka mingi.

Ombi langu kwa taasisi hizo ni mambo mawili. Kwanza, matunda ya mnavu wa pwani yetu yachukuliwe sampuli na kupimwa. Pili, majibu yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yenye picha ya kila mmea, yabandikwe katika zahanati, masoko, misikiti na madrasa. Elimu inayobaki kabatini haimkingi mtoto aliye njiani.

TUFANYE NINI SASA?

Tukisubiri hayo, kila nyumba ifuate haya:

1. Mtoto asile tunda lolote la porini au la jalalani mpaka alilete nyumbani. Hata mtoto wa miaka minne hulielewa hili akifundishwa kwa upole.

2. Tunda la kijani la mnavu lisiliwe kabisa, na asipewe mtoto mdogo hata la kuonja. Mtu mzima anayekula yaliyoiva ale yaliyobadilika rangi barabara, laini, ya mmea anaoujua kwa hakika, na ale machache.

3. Unapochuma majani yatenge na vitunda. Kichala cha matunda mabichi kisiingie sufuriani. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, ndipo uunge kwa nazi.

4. Mnavu wa jalalani au wa kwenye mtaro wa maji ya choo usichumwe, hata uwe umestawi namna gani. Hapo pana najisi na vijidudu, na pengine mabaki ya betri na dawa za wadudu. Panda wako, hata ndoo iliyotoboka yatosha.

5. Mtunguja na mnanaha ing'olewe kuzunguka nyumba, chuo na msikiti.

6. Mtoto akila asichokijua, mtoe mabaki mdomoni. Usimlazimishe kutapika wala usimnyweshe dawa za kubahatisha. Chukua kipande cha mmea na matunda yake, mpeleke haraka zahanati au Hospitali ya Wilaya, ukamwonyeshe daktari.

7. Kiazi kilichogeuka kijani au kuota machipukizi kisiwe cha watoto. Kitupwe.

Kwa walimu wetu wa madrasa ninalo ombi maalumu. Watoto mnao kila siku, na wengi wao hula vitunda hivi wakija na wakiondoka kwenu. Dakika kumi za kuwaonyesha mnavu, mtunguja na mnanaha wakiwa wamesimama mbele ya mmea zitawafaa kuliko mhadhara mrefu. Mafundisho ya adabu za kula tunayo: bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho karibu yako. Tuongeze na kujua ulacho.

Ama kusema kuwa mauti yamekwisha kuandikwa na hakuna haja ya kuchunga, hiyo siyo tawakali. Mtume (SAW) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Mtoto ni amana. Kumwacha awe yeye ndiye kipimo, akidhurika ndipo tujue kuwa tunda lilikuwa na sumu, ni kuihini amana hiyo.

Tunamuomba Allah (SW) aturuzuku vilivyo halali na vizuri, na atulindie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.